Mwigizaji na Mchezo Mpya: Habari za Mafunzo ya Maigizo katika London, na Swali la Lugha

Wanahistoria wa fasihi aghalabu huiandika historia ya michezo ya kuigiza kwa kufuata watunzi. Humtaja mtunzi, hutaja mwaka wa kitabu chake, kisha hupita kwa mtunzi mwingine, kana kwamba maneno yalitoka karatasini yakasimama yenyewe jukwaani. Waigizaji hutajwa kwa nadra, na shule walizofunzwa hazitajwi kabisa. Katika makala haya nakusudia kufuata njia nyingine. Nitaeleza jinsi mafunzo ya waigizaji katika mji wa London yalivyofungamana na utungaji wa michezo mipya tangu miaka ya 1930 mpaka zama hizi zetu, ambapo vyuo vikuu hutoa shahada ya uzamili katika kazi hiyo. Kisha nitauliza ni jambo gani katika habari hizo linalowahusu wachunguzi wa lugha ya Kiswahili. Kwa maoni yangu jambo hilo ni moja, nalo si dogo: mwigizaji afunzwe kusema kwa matamshi ya nani?

Shule za kale za Waingereza zilikuwa na jibu lililo tayari. Herbert Beerbohm Tree alianzisha chuo chake mwaka wa 1904, nacho ndicho kilichokuja kuitwa RADA. Elsie Fogerty akaanzisha Central School mwaka wa 1906, katika jengo la Royal Albert Hall. Huyu bibi Fogerty alikuwa mwalimu wa sauti hasa, na shule yake ilijulikana kwa elimu ya usemaji. Mwanafunzi aliyetoka kaskazini ya nchi, au katika mitaa ya maskini ya London yenyewe, alitazamiwa kuyaacha mlangoni matamshi ya mama yake na kujivika yale ya wenye mali wa kusini. Tusifanye haraka ya kuwalaumu walimu hawa. Michezo iliyokuwa ikichezwa wakati ule ilihusu mambo ya sebuleni kwa matajiri, na mtu wa lahaja nyingine hakuonekana ila kama mtumishi, askari wa zamu, au mlevi wa kuchekesha. Shule iliwatengeneza waigizaji kwa michezo iliyokuwapo. Michezo ilipobadilika, ndipo shule ilipoonekana kuwa na kasoro.

Mabadiliko yalitoka Ufaransa. Jacques Copeau alifungua jumba lake la Vieux-Colombier mjini Paris mwaka wa 1913, na baada ya Vita Kuu ya kwanza akaliongezea shule, kwa kuwa aliona kwamba haiwezekani kupata mchezo mpya kwa waigizaji wa desturi ya zamani. Mpwa wake, Michel Saint-Denis, alikuja kuongoza kundi lililoitwa Compagnie des Quinze, ambalo lilikuwa na mtunzi wake wenyewe, André Obey. Obey hakukaa pembeni akaandika na kuwatumia waigizaji mswada uliokamilika. Aliandika akiwa pamoja nao, akijua miili yao na sauti zao. Mchezo wake juu ya Nabii Nuhu, uliotolewa mwaka wa 1931, ni tunda la ushirika huo. Kundi hilo lilipofika London mwaka ule ule liliwastaajabisha vijana wengi wa Kiingereza, na mmoja wao alikuwa George Devine.

Saint-Denis akahamia London, na mwaka wa 1936 shule yake, London Theatre Studio, ilikuwa imekwisha kushika kazi katika mtaa wa Islington, Devine akiwa msaidizi wake. Vita vya 1939 viliifunga. Baada ya vita watu hao wawili, pamoja na Glen Byam Shaw, walianza tena na Old Vic Theatre School mwaka wa 1947. Nayo ikafungwa mwaka wa 1952 kwa sababu ya fedha na mabishano ya wakubwa wa jumba, nisiyotaka kuyaingia. Yapasa tutazame mafunzo yenyewe. Mwanafunzi alianza bila maneno. Aliigiza kwa mwili tu, mara nyingi uso wake ukiwa umefunikwa kwa kinyago, ili asipate kutegemea haiba ya sura yake. Baadaye aliruhusiwa kutumia maneno aliyoyabuni papo hapo. Mswada wa mtunzi ulikuja mwisho. Kwa mpango huo maneno yalihesabiwa kuwa tunda la kitendo, wala si pambo lililobandikwa juu yake. Mwalimu wa lugha atatambua mara moja kwamba huu ni mpango wa mtoto anayejifunza kusema.

Hapa nitachepuka kidogo. Saint-Denis alipoitwa kusaidia kuanzisha shule ya taifa ya maigizo ya Kanada, iliyofunguliwa Montreal mwaka wa 1960, shule hiyo ilifanywa ya lugha mbili: Kifaransa upande mmoja, Kiingereza upande wa pili, chini ya paa moja. Haikusemwa kwamba mwigizaji ataifunza sanaa yake katika lugha moja kisha atajitafsiri. Nchi nyingi za Afrika zimeshindwa kupata uamuzi kama huo hata leo.

Devine hakuwa mtu wa kukata tamaa. Mwaka wa 1956 aliongoza English Stage Company katika jumba la Royal Court, kwa nia ya kulifanya kuwa jumba la watunzi. Walitangaza gazetini kwamba wanataka michezo mipya, na miswada mia kadhaa ikaletwa. Ulioonekana kufaa hasa ulikuwa wa kijana mwigizaji, John Osborne. Mchezo huo, Look Back in Anger, ulionyeshwa mara ya kwanza tarehe 8 Mei 1956. Watu wameandika sana juu ya usiku ule, na mimi sina la kuongeza, ila kukumbusha kwamba mtunzi wake alikuwa mwigizaji aliyefunzwa na kazi ya kuzunguka na makundi ya mikoani, wala hakupata kusoma chuo kikuu.

Lililo muhimu zaidi kwa habari yetu halikuonekana na umma. Tangu mwaka wa 1958 hivi hata 1960 palikuwa na kundi la watunzi lililokutana chini ya William Gaskill na Keith Johnstone. Waliohudhuria ni pamoja na Arnold Wesker, John Arden, Ann Jellicoe, Edward Bond, na kijana mmoja kutoka Nigeria aliyekuwa akisoma miswada kwa kazi katika jumba lile, yaani Wole Soyinka. Kanuni ya kundi ilikuwa kwamba mtu asijadili mchezo kwa maneno matupu; akiwa na wazo, asimame alitende. Devine mwenyewe alikuja kuwafundisha matumizi ya vinyago. Tazama basi mnyororo ulivyo: Copeau alimrithisha Saint-Denis, Saint-Denis akamrithisha Devine, na Devine akawapa watunzi mafunzo yaliyobuniwa kwa ajili ya waigizaji. Mpaka uliokuwa kati ya kazi hizi mbili ukafutika. Jellicoe alikuwa amefunzwa maigizo katika shule ile ile ya Fogerty, na mchezo wake wa mwaka wa 1958, The Sport of My Mad Mother, hautegemei hoja za wasemaji bali mlio na mapigo ya maneno. Haungeweza kutungwa na mtu asiyejua pumzi ya mwigizaji.

Upande wa pili wa mji palikuwa na shule ya namna nyingine, isiyojiita shule. Joan Littlewood na wenzake walianzisha Theatre Workshop mwaka wa 1945, wakatangatanga miaka mingi, na mwaka wa 1953 wakakaa katika Theatre Royal, mtaa wa Stratford, mashariki ya London. Waigizaji wake walifanya mazoezi kila siku: mwendo wa mwili kwa nadharia ya Rudolf Laban, ambao waliufunzwa na Jean Newlove, na uchunguzi wa tabia kwa njia ya Stanislavski. Littlewood alichukia sauti ya RADA, ingawa aliwahi kusoma huko yeye mwenyewe, au pengine kwa sababu hiyo. Aliwataka waigizaji waseme kama wasemavyo watu wa mtaa walimokuwa wakiishi.

Ndipo sheria ikaingilia. Tangu mwaka wa 1737 kila mchezo ulipaswa kupelekwa kwa Lord Chamberlain, afisa wa jumba la kifalme, upate idhini kabla ya kuchezwa, na sheria hiyo haikuondolewa mpaka mwaka wa 1968. Afisa aliidhinisha maneno yaliyoandikwa. Mwigizaji aliyezoezwa kubuni papo hapo alikuwa, kwa hivyo, mvunja sheria kila alipofumbua kinywa. Mwaka wa 1957 Theatre Workshop walionyesha mchezo wa Henry Chapman juu ya mafundi wa ujenzi, You Won't Always Be On Top, ambamo matofali halisi yalijengwa jukwaani. Na maneno ya mafundi yalibadilika usiku hata usiku, kama yanavyobadilika maneno ya mafundi popote. Mwaka wa 1958 wakashtakiwa mahakamani kwa kusema yasiyokuwamo katika mswada ulioidhinishwa, wakatozwa faini ndogo. Kesi hii ina thamani kwa wachunguzi wa fasihi kuliko inavyodhaniwa, maana mahakama ililazimika kuamua mchezo ni nini: ni karatasi, au ni tendo? Sheria ilijibu kuwa ni karatasi. Wengi wetu wenye kuhariri matini tungelijibu hivyo hivyo, bila kutambua kwamba tumesimama upande wa afisa.

Lakini haifai kuipamba njia ya Littlewood kupita kiasi. Brendan Behan, Mwairishi, aliandika kwa lugha ya Kiairishi mchezo uitwao An Giall, ukaonyeshwa Dublin mwaka wa 1958. Ulikuwa mchezo mfupi, mtulivu, wenye huzuni. Mwaka ule ule ukageuzwa kwa Kiingereza na kuchezwa Stratford kwa jina la The Hostage, ukiwa umejaa nyimbo, mizaha, na watu ambao hawakuwamo katika mchezo wa kwanza. Wapo wasemao kwamba ulipata uhai mpya. Wapo wasemao kwamba mchezo wa Kiairishi uliuawa. Mimi naelekea kwa hao wa pili, kwa sababu moja tu. Uhuru wa mwigizaji ulitumika kuivuta kazi ya lugha ndogo hata ikawafurahisha watazamaji wa lugha kubwa, na ulimwengu umeukumbuka mchezo wa pili ukausahau wa kwanza. Kwa Shelagh Delaney mambo yalikuwa tofauti. Msichana huyo wa Salford alikuwa na umri wa miaka 19 tu mchezo wake, A Taste of Honey, ulipoonyeshwa mwaka wa 1958, na watu walivumisha kwamba ni waigizaji waliouandika. John Russell Taylor, aliyetoa kitabu chake juu ya watunzi hao mwaka wa 1962, aliulinganisha mswada wa kwanza na ule uliochezwa, akaona kwamba ulipunguzwa na kukazwa, lakini sehemu kubwa ya maneno yaliyosifiwa ilikuwa ya msichana mwenyewe. Lau si uchunguzi huo wa matini, angalinyang'anywa haki yake. Basi karatasi nayo ina kazi yake.

Mfano bora wa mafunzo na mchezo mpya kukutana ni Roots, mchezo wa Arnold Wesker wa mwaka wa 1959, ulioonyeshwa kwanza Coventry kisha Royal Court. Habari yake ni hii. Beatie Bryant ni binti wa vibarua wa mashamba katika wilaya ya Norfolk. Amekaa London, amempenda kijana mwenye maarifa mengi aitwaye Ronnie, na sasa amerudi nyumbani kumngojea ili aje kuwaona wazazi wake. Siku zote za kungoja anakariri maneno ya Ronnie. Hata hupanda juu ya kiti akamwigiza. Ronnie haji. Inakuja barua ya kuvunja uchumba. Hapo Beatie, katika aibu na hasira, anaanza kusema, na katikati ya kusema anagundua kuwa maneno hayo si ya Ronnie tena, ni yake mwenyewe. Jamaa zake wanaendelea kula.

Aliyemwigiza Beatie ni Joan Plowright, mzaliwa wa Lincolnshire, aliyefunzwa na Saint-Denis na wenzake katika Old Vic Theatre School. Fikiri kazi aliyopewa. Mwanzo hana budi kusema Kiingereza cha Norfolk, lahaja isiyo yake; ndani ya lahaja hiyo amwigize kijana wa mjini kwa sauti ya kuazima; kisha mwishoni sauti ya tatu izaliwe, isiyo ya Ronnie wala ya mama yake, bila kuonekana kwamba mwigizaji ameitengeneza. Shule ya mwaka wa 1904 isingeweza kumwandaa mtu kwa kazi hii, kwa kuwa ingemfundisha sauti moja iliyo safi na kumwambia zilizobaki ni makosa. Shule iliyoanzia kwenye ukimya na kinyago ilimfundisha kwamba kila sauti ni vazi, na chini ya mavazi yote upo mwili unaosema. Wesker naye hakuwaachia waigizaji wabahatishe: aliambatanisha na mchezo maelezo ya matamshi ya Norfolk.

Habari za baadaye zaweza kusimuliwa kwa ufupi. Margaret Bury, aliyekuwa mwigizaji wa Littlewood, alianzisha mwaka wa 1961 shule ya East 15, iliyopewa jina la eneo la posta la Stratford, ili njia ile isife pamoja na kundi. Drama Centre ilizaliwa mwaka wa 1963 kwa walimu na wanafunzi waliojitenga na Central School. Vyuo vikuu wakati huo vilikuwa vimesimama mbali. Bristol ilianzisha idara ya kwanza ya maigizo katika chuo kikuu cha Uingereza mwaka wa 1947, lakini ilikuwa ya historia na uchunguzi. Aliyetaka kuwa mwigizaji alikwenda shule nyingine katika mji ule ule. Ukuta huo ulibomoka polepole. Mwaka wa 1989 mtunzi David Edgar alianzisha Birmingham masomo ya uzamili ya kutunga michezo. East 15 ikaunganishwa na Chuo Kikuu cha Essex mwaka wa 2000, na Central School ikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha London mwaka wa 2005. Leo mtu mwenye shahada ya kwanza ya historia au ya sheria aweza kufunzwa uigizaji kwa muda wa mwaka mmoja hivi, akishughulika zaidi na michezo ya sasa na miswada ambayo bado inaandikwa, mtunzi akiwapo chumbani.

Mpango huu una akili. Mwanafunzi huyo amekwisha kusoma, hahitaji kufundishwa Shakespeare ni nani, na umri wake wamwezesha kubishana na mtunzi kwa heshima. Lakini nina mashaka nao kwa mambo mawili. Kwanza, msomi huusoma mswada mpya kama karatasi ya mtihani: hutafuta maana yake kabla hajatafuta pumzi yake. Pili, mwaka wa ziada hulipiwa, na Osborne, Wesker, Delaney na Bond, ambao ndio sababu ya mafunzo hayo kuwapo, hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na shahada ya kwanza, sembuse ya pili.

Sasa turudi kwetu. Soyinka alirudi Nigeria mwaka wa 1960 akaanzisha kundi lake mara moja. Katika Afrika Mashariki, kundi la wasafiri la Makerere lilianza mwaka wa 1965, likicheza bila malipo vijijini na mijini, kwa Kiingereza na kwa lugha kadhaa za kwetu, Kiswahili kikiwa mojawapo. Dar es Salaam mafunzo ya sanaa za maonyesho yaliingizwa katika chuo kikuu mwaka wa 1967, mwaka wa Azimio la Arusha. Katika mazingira hayo aliinuka Ebrahim Hussein, mtu wa Kilwa, ambaye Kinjeketile yake ilipigwa chapa mwaka wa 1969. Na Penina Muhando, ambaye Hatia ilifuata mwaka wa 1972. Wote wawili walikuwa watunzi waliojua jukwaa kwa miguu yao. Michezo ya Kiswahili iliyotangulia, kama Nakupenda Lakini ya Henry Kuria na ile ya Graham Hyslop, iliyochapishwa mwaka wa 1957, ilichezwa zaidi na wanafunzi wa shule. Sasa palikuwa na chuo ambamo mtunzi na mwigizaji walikaa katika darasa moja.

Hata hivyo swali la matamshi halikuulizwa kwa ukali uliostahili. Kiswahili Sanifu kilichaguliwa mwaka wa 1928, Kiunguja kikiwa msingi, kwa ajili ya vitabu na shule. Na Kamati ya Lugha, iliyoanza kazi mwaka wa 1930, ililinda tahajia na sarufi. Hakuna katika wale waliokutana Mombasa aliyekuwa akifikiria jukwaa. Lakini sanifu ikapanda jukwaani kwa kuwa ndiyo iliyokuwa vitabuni, na mwigizaji akajifunza kumsemesha mkulima wa Umatumbi, mvuvi wa Lamu na karani wa Tabora kwa sauti moja, sauti ya msoma habari wa redio. Lahaja ikabaki kwa vichekesho. Ni yale yale ya London ya mwaka wa 1904, ila kwamba sanifu yetu haikuwa ya tabaka la matajiri, ilikuwa ya umoja wa taifa, na kwa hiyo ni vigumu zaidi kuilalamikia. Nami silalamiki juu ya sanifu. Nasema tu kwamba mwalimu wa waigizaji hafanyi kazi moja na mwalimu wa sarufi; na kwamba kanda za sauti za lahaja, ambazo wachunguzi huzihifadhi kwa ajili ya fonetiki, zingefaa pia kusikilizwa na mwanafunzi wa maigizo kabla hajaufungua mswada.

Watu waliopata mafunzo ya juu kabisa katika uwanja huu walilikaribia jambo hili kwa njia mbalimbali. Hussein alikwenda Berlin, katika Chuo Kikuu cha Humboldt, akaandika juu ya maendeleo ya maigizo katika Afrika Mashariki. Amandina Lihamba, mwigizaji na mtunzi, alimaliza uzamivu Leeds mwaka wa 1985 kwa uchunguzi wa siasa na maigizo ya Tanzania baada ya Azimio. Muhando, kwa jina la Mlama, alibaki Dar es Salaam, na tasnifu yake ya mwaka wa 1983 haikuchunguza shule yoyote ya mjini. Aliwachunguza Wakaguru, akaonyesha kwamba maonyesho yao ya jadi yalikuwa chombo cha kufundishia, chenye walimu wake, umri wake wa kuingia, na lugha yake ambayo mwanafunzi hakutakiwa kuiacha mlangoni.